Ejenti wa AI na programu ya kudaunlodi: maelezo ya zana yaandikwe vipi? Tulinganishe

Nilimwandikia ejenti wangu (programu ya AI inayofanya kazi kwa niaba yangu) sentensi moja tu, "toa hizo zilizokwisha", nikimaanisha azitoe kwenye orodha ya programu ya kudaunlodi, manake orodha ilishajaa hadi inachosha macho. Akatoa kweli. Akatoa kwenye orodha, akatoa na mafaili yenyewe kwenye diski, afu akanijibu kwa adabu zote kwamba kazi imekamilika. ISO za Linux (mafaili ya kusakinishia), data za mazoezi, rekodi za mihadhara nilizokuwa nasikiliza mdogo mdogo, vyote chali. Nikaanza kuilaumu modeli, yaani AI yenyewe iliyoko ndani ya ejenti, kisha nikafungua maelezo niliyoyaandika mwenyewe ya zana, yaani kitendo ambacho ejenti anaruhusiwa kuita, nikakuta yanasema: "Huondoa upakuaji." Basi, maneno mawili. Chini yake kuna parameta (sehemu ya kujaza) inaitwa `delete_data` ambayo haina maelezo kabisa, ejenti kaona mtu anataka vitu vitoke, kaweka `true`. Ningekuwa mimi ndo yeye sijui kama nisingefanya hivohivo.

Tangu siku ile nimeandika, nikafuta, nikaandika tena maelezo ya zana za programu tatu za kudaunlodi, yaani aria2, Transmission na qBittorrent, na kila hatua nilikuta njia mbili au tatu ambazo zote zinaonekana sawa mpaka uzijaribu. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu ili we unayeanza leo usianzie kwenye diski tupu kama mimi.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali: ejenti haioni programu yako. Haoni kitufe chekundu, haoni kile kidirisha kinachouliza "una uhakika?", na kodi yako (msimbo wa programu) hajaisoma. Anachopewa ni jina la zana, maelezo, na skima ya parameta, yaani orodha ya vya kujaza na aina zake. Ukitumia MCP, ile itifaki ya kuunganisha AI na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, ni `name`, `description` na `inputSchema`, na ukitumia njia nyingine majina yanabadilika kidogo ila mchezo ni uleule. Ni kama kumwelekeza mtu kwa simu achukue kitu kwenye chumba ambacho hajawahi kuingia, na taa imezimwa.

Mlango mmoja, milango thelathini, au milango saba

Njia ya kwanza ni ya uvivu na ndo niliyoanza nayo. Zana moja, `rpc`, inapokea jina la methodi (amri ya programu) na parameta, maelezo yanasema "huita methodi yoyote ya aria2". Inavutia sana, kodi yake mistari kumi, na ejenti anaweza kufanya kila kitu. Modeli kubwa zinaijua aria2, zinajua kuna `aria2.addUri` na `aria2.tellStatus`, wala hujazifundisha. Shida ni kwamba zinajua kwa kukariri. Chukua qBittorrent, kuanzia toleo la 5.0 zile `pause` na `resume` za API (mlango ambao programu nyingine zinaitumia kuiamuru) zikawa `stop` na `start`, sasa ejenti aliyekariri ya zamani anaita `pause`, anapigwa 404 ("haipo"), anajaribu tena, anapigwa tena, mwisho anakwambia seva yako ina hitilafu. Seva iko salama salimini.

Njia ya pili, kila methodi inapewa zana yake. Hii inaonekana ya kistaarabu lakini aria2 peke yake ina methodi zaidi ya 30, na maelezo ya zote yanabebwa kwenye kila mazungumzo, yaani unalipia tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli inahesabu) za `getPeers` hata siku ambayo mtu kauliza tu "imefika wapi". Hilo ningevumilia. Kinachoniudhi zaidi ni majina yanayofanana. Angalia hizi nne: `remove`, `forceRemove`, `removeDownloadResult`, `purgeDownloadResult`. Mtu akisema "toa iliyokwisha", ejenti anaenda `remove`, mantiki kabisa, ila `remove` ni ya upakuaji ambao bado upo hai au kwenye foleni, uliokwisha unatolewa na `removeDownloadResult`. Kwa hiyo anapata kosa kwamba GID (kitambulisho cha upakuaji) haipo, wakati ameiona kwenye orodha sekunde tano zilizopita. Hapo ejenti huwa anachanganyikiwa na kuanza kubuni. Na ili kujibu swali dogo la "zipo zipi" inabidi aite `tellActive`, `tellWaiting` na `tellStopped`, tatu, na mara nyingi anaita moja anaridhika.

Njia ya tatu, zana chache zinazoitwa kwa kile mtu anachotaka na sio kwa kile programu inachokiita. Zangu kwa sasa ni saba: `ongeza`, `orodhesha`, `hali`, `simamisha_kwa_muda`, `endeleza`, `weka_kikomo_cha_spidi`, `toa_kwenye_orodha`. Kuna ya nane ya kufuta faili, hiyo nitaizungumzia peke yake. Ndani, `toa_kwenye_orodha` inajua yenyewe kama upakuaji uko hai iite `remove` au umekwisha iite ile nyingine, ejenti hana haja ya kujua kabisa.

Mi nachagua ya tatu bila kusita kama kuna mtu mwingine zaidi yako atakayeitumia. Ya kwanza ina nafasi yake, unapojaribu jaribu kwenye mashine isiyo na kitu cha kupoteza, na unataka kuona ejenti anaelekea wapi kabla hujaamua zana zipi zinahitajika. Ya pili sijaona inamfaa nani, labda mtu anayetengeneza kodi ya kufunika API kwa mashine bila kuangalia.

Mafupi, marefu, na yale ya katikati

Hii ndo sehemu watu wanabishana sana, wengine wanasema fupi ndo safi, wengine wanabandika mwongozo mzima. Nimefanya vyote viwili kwa zana ileile ya kuongeza linki.

Fupi ilikuwa hivi:

> Huongeza linki kwenye foleni ya kupakua.

Hakuna uongo hapo. Lakini nilipompa linki tatu za mafaili matatu tofauti, ejenti alizituma zote kwa mpigo mmoja, manake skima ilisema `linki` ni orodha, na orodha akaielewa kama mtu yeyote angeielewa. Sasa kwenye aria2, `addUri` ikipokea linki kadhaa inachukulia zote ni za faili lilelile moja lililoko kwenye seva tofauti tofauti, inachota vipande huku na kule. Ukichanganya linki za vitu tofauti, upakuaji unaweza kufeli au faili likaharibika na aria2 isiseme neno. Mwongozo wake wenyewe unaonya hivo. Nilikaa nusu siku natafuta kwa nini ISO haifunguki.

Ndefu niliitengeneza kwa hasira baada ya hapo. Nikabandika karibu kila kitu: `split`, `max-connection-per-server`, namna ya kuweka prokisi, vichwa vya HTTP, kila kitu. Matokeo yake ejenti akawa fundi. Mtu kasema tu "nipakulie hii", yeye anapanga miunganiko 16 kwa seva moja kwa sababu kasoma kwamba mwisho ni 16, wakati aria2 ukiiacha yenyewe inatumia 1 kwa kila seva, na seva nyingine zikiona miunganiko mingi hivo zinakufungia. Hakuna aliyemtuma. Ila ukishamwekea mtu vitufe ishirini mezani usishangae akivibonyeza.

Ya katikati, ambayo ndo ipo mpaka leo:

> Huweka faili MOJA kwenye foleni ya kupakua na kurudisha GID papo hapo. Kupata GID maana yake limeingia kwenye foleni, sio kwamba limekwisha. Tumia `hali` kujua limefika wapi. `linki` ni anwani za faili lilelile kwenye seva tofauti. Kama ni mafaili tofauti, ita zana hii mara moja kwa kila faili. Tumia linki aliyoitoa mtumiaji tu, usikisie.

Ukiiangalia vizuri haijaeleza zana inavyofanya kazi ndani, imeeleza sehemu ambazo mtu mwenye akili timamu angekosea. Hicho ndo kipimo changu siku hizi: kila sentensi kwenye maelezo lazima niweze kusema imezuia kosa gani, na kama siwezi kusema naitoa. Parameta zilizobaki ni tatu tu, linki, jina la faili, na folda. Anayetaka mambo ya prokisi ataweka kwenye faili la mipangilio la programu, sio kwa ejenti.

Kutoa na kufuta

Turudi kwenye kidonda. Kwenye Transmission kuna `torrent-remove` ambayo ina swichi inaitwa `delete-local-data`. Kwenye qBittorrent ni `torrents/delete` na swichi yake ni `deleteFiles`. Kwenye aria2 hakuna swichi kabisa, zile `remove` zote nne hazigusi faili lililokwisha kupakuliwa. Kwa hiyo neno hilohilo moja, kutoa, lina uzito tofauti kulingana na programu iliyoko nyuma, na ejenti hawezi kujua ipo ipi.

Maelezo yangu ya zamani na ya sasa haya hapa, ya zamani kwanza:

> `remove`: Huondoa upakuaji. Parameta: `ids`, `delete_data`.

Ya sasa nimeigawa mara mbili:

> `toa_kwenye_orodha`: Huondoa upakuaji kwenye orodha. Faili lililoko kwenye diski linabaki. Hii ndiyo zana sahihi mtu akisema "toa", "ondoa", "safisha orodha".
>
> `futa_na_faili`: Hufuta upakuaji PAMOJA na faili kwenye diski. Hairudishiki. Itumie pale tu mtumiaji ametaja wazi kwamba anataka faili lenyewe lifutwe. Kabla ya kuita, mtajie majina ya mafaili na usubiri akubali.

Kuna watakaosema swichi moja yenye maelezo mazuri inatosha, kwa nini zana mbili. Nilijaribu. Swichi ikiwa na maelezo mazuri makosa yanapungua kweli, ila ukiwa na zana mbili unapata kitu cha ziada: programu inayomwendesha ejenti inaweza kuruhusu moja ipite yenyewe na nyingine iombe ruhusa kila mara. Kwenye MCP kuna alama za pembeni za kazi hiyo, `readOnlyHint` kwa zana za kusoma tu na `destructiveHint` kwa zile zinazoharibu. Huwezi kuweka alama ya uharibifu kwenye nusu ya zana. Afu uzuri mmoja, `destructiveHint` usipoiandika kwenye zana inayobadilisha kitu, inachukuliwa kuwa ni `true`, yaani wamechagua woga, na mi nawaunga mkono.

Jambo lingine la hapohapo ambalo lilinitoa jasho nilipolisoma. Kwenye Transmission, amri za kuanza na kusimamisha torenti (mafaili ambayo watu wanagawiana wao kwa wao) zinapokea `ids`, na ukiiacha wazi, zinahusu torenti zote. Sio kosa, ni zote. Na kwenye qBittorrent mahali pa kuandika hashi (kitambulisho cha torenti kisichobadilika) unaweza kuandika `all`. Kwa binadamu anayeandika skripti ni raha, kwa ejenti aliyesahau parameta moja ni balaa. Kwa hiyo kwenye skima zangu `ids` ni lazima, orodha isiwe tupu, na neno `all` kodi inalikataa. Anayetaka zote aanze kuziorodhesha azitaje moja moja.

Na zitajwe kwa hashi, sio kwa namba. Namba za Transmission ni za kikao hicho tu, programu ikiwashwa upya namba 3 ya jana sio namba 3 ya leo, na ejenti mwenye kumbukumbu ya jana atakuja na namba 3 yake kwa kujiamini kabisa.

Namba bila kipimo

Mtu kasema "punguza spidi iwe kama mega moja". Ejenti anaandika 1024. Angalia inakuwaje:

| Programu | Sehemu ya kuandika | Namba inahesabiwa kwa | 1024 inakuwa |
|---|---|---|---|
| aria2 | `max-download-limit` | baiti kwa sekunde, unaweza kuongeza K au M | kilobaiti 1 kwa sekunde |
| Transmission | `downloadLimit` | kilobaiti kwa sekunde | kama megabaiti 1 kwa sekunde |
| qBittorrent | `limit` ya `setDownloadLimit` | baiti kwa sekunde | kilobaiti 1 kwa sekunde |

Namba ileile, huku iko sawa, kule ISO ya giga nne itamaliza wajukuu wakiwa shule. Na Transmission ina kamtego kake, ukiweka `downloadLimit` bila kuwasha `downloadLimited` namba inakaa tu pale kama pambo.

Hapa kuna njia mbili. Moja ni kuandika kipimo kwenye maelezo, "kwa kilobaiti kwa sekunde". Nyingine ni kukiweka kwenye jina la parameta lenyewe. Mi nafanya ya pili, parameta inaitwa `kilobaiti_kwa_sekunde`, ndefu kama treni lakini ejenti anapoijaza kipimo kiko mbele ya macho yake wakati huohuo, hahitaji kukumbuka aya aliyosoma juu. Nilijaribu `kbps` nikaachana nayo, nusu ya dunia inaisoma kilobiti na nusu kilobaiti, tofauti yake ni mara nane. Na kuondoa kikomo usitumie 0. Kwenye aria2 0 maana yake hakuna kikomo, ila mtu aliyesema "spidi iwe sifuri" anataka isimame. Weka parameta tofauti, `bila_kikomo`.

Majibu yanayorudi

Watu wakisema maelezo ya zana wanawaza kinachoingia tu, kinachotoka wanakisahau, na kinachotoka ndo ejenti anakusomea wewe. Transmission na qBittorrent zote zinatoa maendeleo kati ya 0 na 1, kwa hiyo 0.85 ni asilimia 85, nimeshaambiwa na ejenti "bado haijafika hata asilimia moja" wakati imebaki kidogo tu. Hali za Transmission ni namba 0 mpaka 6, 4 inapakua, 6 inasambaza, 0 imesimama. Na ninayoipenda kuliko zote, qBittorrent isipojua itamaliza lini inarudisha `eta` ya 8640000. Ejenti msomi anagawa kwa 86400 anapata 100 kamili, anakwambia "torenti yako itakamilika baada ya siku 100". Kwa uhakika kabisa, na tarehe anakupa.

Ulinganisho hapa ni kati ya kueleza kwenye maelezo ("ukiona 8640000 maana yake haijulikani") na kugeuza kwenye kodi kabla ejenti hajaona. Sina subira na njia ya kwanza. Geuza kwenye kodi, rudisha `"asilimia": 85`, `"hali": "inapakua"`, `"muda_uliobaki": "haujulikani"`, maelezo yanabaki mafupi na hakuna cha kukosea. Maneno ya maelezo uyatunzie mambo ambayo kodi haiwezi kuyatatua, kama vile mtu alimaanisha nini aliposema toa.

Punguza pia kinachorudi. `tellStatus` ya aria2 ukiiita bila kutaja funguo unazotaka inarudisha kila kitu, pamoja na `bitfield`, ambayo kwa faili kubwa ni mlolongo mrefu wa herufi za heksa zisizo na faida yoyote kwa ejenti. Ina sehemu ya kutaja funguo, itumie.

"Imekwisha" ni lini

Hili limenisumbua kuliko kufuta, kwa sababu kufuta unakuona, hili halionekani mpaka uende kutafuta faili. Nilishasema `ongeza` inarudi papo hapo. Usipoandika hivo kwenye maelezo, ejenti akiona jibu zuri anasema "nimekupakulia", na hajadanganya kwa makusudi, zana nyingi anazozijua zikirudi kazi imekwisha.

Lakini hata ukiandika, kuna linki za magneti, zile zinazobeba kitambulisho cha torenti bila maelezo yake. Kwenye aria2 ukiweka magneti, GID unayopewa kwanza ni ya kuchota maelezo ya torenti tu, kitu kidogo, kinaisha haraka, hali inasoma `complete`. Upakuaji wenyewe unaanza na GID mpya, ambayo inaandikwa kwenye sehemu inaitwa `followedBy` ya ile ya kwanza. Ejenti anauliza hali ya GID aliyonayo, anaona `complete`, anakupongeza. Folda ukiifungua hamna kitu.

Njia ya kwanza ni kumweleza: "kama kuna `followedBy`, fuatilia GID hiyo". Ya pili, zana ya `hali` ifuate yenyewe na irudishe hali ya upakuaji halisi. Nadhani unajua nimechagua ipi. Ila nimeacha sentensi moja kwenye maelezo, "GID inayorudi inaweza kuwa tofauti na uliyouliza, tumia hii mpya kuanzia sasa", kwa sababu bila hiyo alikuwa anadhani kapewa jibu la mtu mwingine.

Kuhusu kusubiri, ukiwa na `hali` peke yake ejenti anaipiga kama mlango wa mdeni, kila sekunde mbili, faili la giga nne. Kumwandikia "usiulize zaidi ya mara moja kwa dakika" hakusaidii sana, hana saa. Mbadala ni zana ya `subiri` yenye ukomo, tuseme sekunde 120, inarudi ikikamilika au muda ukiisha, whichever itangulie... samahani, chochote kitakachotangulia. Kwa mafaili madogo `subiri` ni nzuri. Kwa makubwa mi naona bora maelezo yaseme wazi: "kwa upakuaji mrefu mwambie mtumiaji umeanza na uishie hapo". Ejenti anayejua kuishia ana thamani.

Kiswahili au Kiingereza

Hili naulizwa sana na jibu langu sio la kizalendo wala la kinyume chake. Majina ya zana na parameta unaweza kuyaweka kwa lugha yoyote, modeli kubwa za sasa zinaelewa. Ambacho lazima kiwe Kiswahili kama watumiaji wako wanaongea Kiswahili ni vitenzi vyao. Manake kwetu "simamisha" inaweza kuwa pumzisha kidogo au komesha moja kwa moja, "acha" inaweza kuwa usiiguse iendelee au achana nayo (na hizi mbili ni kinyume kabisa!), "ondoa", "toa", "futa" watu wanazichanganya siku nzima. Maelezo ya Kiingereza tupu hayamsaidii ejenti kuamua "acha hiyo ya pili" ina maana gani. Kwa hiyo kwenye `simamisha_kwa_muda` nimeandika: "Kwa 'simamisha', 'pumzisha', 'sitisha kidogo'. Neno 'acha' halieleweki, muulize kwanza." Ukitaka sehemu nyingine zote ziwe Kiingereza sawa tu, ila vitenzi viandike kama vinavyosemwa.

Maelezo sio kufuli

Kwa haraka, manake hili halina mjadala. Ukiandika "hifadhi kwenye folda ya vipakuliwa tu" ejenti atatii mara nyingi, na mara nyingi sio mara zote. Folda ikaguliwe na kodi. Linki zinazoanza na kitu kisichokuwa http, https au magneti zikataliwe na kodi. Tokeni ya siri ya aria2 (nenosiri lake) ikae kwenye seva yako, isiwe parameta. Na majina ya mafaili yanatoka kwa watu usiowajua, jina linaweza kuandikwa kama amri ya kumwambia ejenti afute kitu, kwa hiyo yarudishe kama data, na kwenye `orodhesha` ongeza kamstari kwamba majina ni maandishi ya watu wengine na sio maagizo. Ujumbe wa makosa nao uwe na njia ya kutokea: badala ya "GID haipo" andika "GID haipo, ita `orodhesha` upate iliyo sahihi", inapunguza kuhangaika kwa kiasi ambacho sikukitegemea.

Namna ninavyochagua kati ya maelezo mawili sasa hivi ni ya kizamani tu. Nina sentensi kama ishirini nilizokusanya za watu wanavyoongea kweli, "zile za jana zimeishia wapi", "acha hiyo kubwa", "safisha", "ifanye polepole nina mkutano", nazipitisha kwa maelezo ya zamani na mapya kwenye folda ya majaribio, naangalia ameita zana gani na parameta zipi, jibu lake la maneno silijali kabisa. Ya kwanza kwenye orodha hiyo ni "toa hizo zilizokwisha". Kwa maelezo ya sasa ameita `toa_kwenye_orodha`, GID kumi na nne zote akazitaja, na akamalizia kwa kuniambia mafaili bado yapo kwenye folda, nikitaka yafutwe nimwambie.